Kompyuta Tuliyoichagua kwa Masikio

Mwanangu Upendo,

Barua hii nimeichapa mwenyewe kwa vidole viwili, ili kompyuta yako ikusomee huko Dar es Salaam bila kumwomba mtu. Ulisema niiache wazi, wazazi wengine nao waisome. Basi mambo mengine nitayaeleza kama vile huyajui, unisamehe.

Nianzie siku ile pale sebuleni kwetu Sekei, chini ya Mlima Meru. Ulikuwa umekaa na kompyuta yako ndogo ya kupakata, uso umeusogeza karibu kabisa na kioo kama mtu anayenusa kitu. Tangu umalize chuo ulikuwa ukiandika programu za makampuni ya utalii, zile ambazo mgeni akiwa kwao anajipangia safari na gari linajulikana lipo wapi. Macho yalikuwa yameanza kupungua nguvu tangu muda mrefu, na daktari alikwishatuambia kwamba hayatarudi. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya masomo ya ziada. Ukafunga kompyuta taratibu, ukaniambia, "Baba, herufi zimeisha."

Niliyaacha madaftari. Nilikuja nikakaa karibu nawe mpaka mama yako aliporudi kutoka sokoni Kwa Mrombo na kapu lake la mboga, akatukuta hivyo hivyo.

Baada ya hapo ndugu walikuja na maneno yao, na wote walikuwa na nia njema. Shangazi yako alitaka uende ukaishi kwa bibi, kule juu mlimani, ambako hakuna magari ya kukugonga na watu wote wanakufahamu. Mama yako alikaribia kukubali, maana alikuwa anaogopa. Hata mimi niliogopa. Ila wewe ulimsikiliza shangazi mpaka akamaliza, ukamwambia kwa upole, "Shangazi, kilichokwenda ni macho. Kazi yangu naifanya kwa kichwa." Kisha ukamwongezea chai.

Ulijifunza kufanya kazi kwa kusikiliza. Ile programu inayosoma kila kilichopo kwenye kioo ilizungumza haraka sana, sisi wengine tukisikia mlio tu kama wa nyuki, lakini wewe ulikuwa unaelewa. Shida ilikuwa kompyuta yenyewe. Ilikuwa imezeeka. Ukiiambia ijaribu programu uliyoandika, ilipata moto, na feni yake inanguruma mpaka sauti inayokusomea inamezwa. Ukivaa spika za masikioni, masikio yanauma, na ulisema zinakutenga nasi. "Nikizivaa siku nzima sijui kama mama amerudi," uliniambia. Kampuni iliyokuwa ikikupa kazi nayo ikaanza kukupunguzia, kidogo kidogo, bila kusema sababu. Ndipo ukaamua kwamba akiba yako itanunua kompyuta ya mezani, tena utachagua vifaa vyake kimoja kimoja na kuiunganisha nyumbani.

Nakumbuka tulivyoingia kwenye lile duka mjini. Muuzaji alikuwa kijana mwenye heshima. Alinisalimia shikamoo, akaniuliza, "Mzee, huyu dada anahitaji kompyuta ya kazi gani?"

Nilifungua mdomo nijibu, ukanitangulia. "Nahitaji mimi, kaka. Ya kuandika programu. Na iwe kimya."

Aliona haya kidogo, akageuka kwako, na tangu hapo hakuniuliza mimi tena jambo lolote. Alianza kukuonyesha makasha ya kompyuta yenye taa za rangi, moja lilikuwa linawaka kama mti wa Krismasi. Nilipokueleza lilivyo ulicheka mpaka ukashika meza. Ukamweleza unachotaka, nami nikajifunza pale pale nikiwa nimesimama. Prosesa yenye nguvu, kwa kuwa ndiyo inayogeuza maandishi yako yawe programu inayofanya kazi. RAM, yaani kumbukumbu yake ya muda, iwe ya kutosha, kwa kuwa unafungua mambo mengi kwa pamoja na hutaki yagombanie nafasi. Diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo ina kasi na haipigi kelele. Alipokutajia kadi kubwa ya picha, ile wanayoipenda wacheza gemu, ulikataa. Ulisema inakula umeme, inaleta joto, nayo picha zake atakayeziona ni nani.

Ulisema hivyo kwa utani, ila yule kijana aliirudisha kadi rafuni taratibu.

Halafu ukamwomba awashe mashine zote alizokuwa nazo dukani, moja baada ya nyingine, uzisikilize. Ningemwelewa kama angekataa. Lakini alizima redio, akafunga mlango wa kuelekea barabarani, akawaomba wateja wawili waliokuwepo watulie. Ukainama kwenye kila kasha na sikio lako. "Hii feni yake ni ndogo, inakimbia sana." "Hii kuna kitu kinatetemeka." Mwisho ukafika kwenye moja yenye feni pana, ukakaa hapo muda mrefu, ukauliza, "Imewaka kweli?" Kijana akakuhakikishia kwamba imewaka. Ukatabasamu. Ulichukua kasha la namna hiyo hiyo na feni zake, na chuma kikubwa cha kupoozea prosesa, na pawa saplai nzuri ya kuigawia umeme, na UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika, maana umeme wetu unaujua.

Kwenye monita ulisema huhitaji. Tulikuwa tumeshafika mlangoni uliponishika mkono. "Baba, turudi. Tuchukue monita, hata ndogo. Mama atataka kuona ninachofanya."

Jumamosi ile tulipanga vifaa vyote juu ya meza ya chakula. Mlima Meru ulikuwa wazi siku hiyo mpaka kileleni, nikakuambia, ukageukia upande wake. Mama yako hakukubali tuanze kabla ya kuomba. Aliinamisha kichwa akasema, "Bwana, sisi hatujui hivi ni vitu gani, ila wewe unavijua," na mimi nikauma midomo nisicheke ndani ya sala.

Nilisoma maelekezo ya Kiingereza kwa mwendo wangu wa mwalimu mzee, wewe ukiongoza mikono yangu na ya kwako. Prosesa uliiweka mwenyewe, ukitafuta kona yake yenye alama kwa ncha ya ukucha. Dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kile chuma uliniambia niweke kiasi cha punje ya mchele. Nikabishana nawe nikisema ni kidogo mno, nikashindwa.

Tulipowasha, feni zilizunguka, ila monita ilibaki nyeusi. Mama yako akashika kichwa. Nilitaka nikimbie kumpigia kijana wa dukani, ukanizuia. Ulizima, ukapitisha vidole ndani taratibu, ukipapasa kila kiungo kama unavyopapasa sufuria kujua kama imetakata. Ukasimama kwenye RAM. "Hapa. Upande huu haujakaa. Bonyeza, baba."

"Itavunjika."

"Haivunjiki. Bonyeza kwa nguvu."

Nikabonyeza, ikalia kwa sauti ya kukazika. Tukawasha tena, na kioo kikawa na mwanga. Hukuuliza kama kimewaka. Ulisikia tulivyovuta pumzi. Ukaendelea kuweka yaliyotakiwa, ukabonyeza vitufe fulani, na mashine ikaanza kusema kwa ile sauti yake ya haraka. Mama yako akauliza, "Inasemaje?"

"Inaniuliza niko nchi gani."

"Iambie Tanzania," akasema mama yako, kwa dhati kabisa, kama anamjibu mgeni aliyepotea.

Kwa kompyuta ile ulifanya kazi mpaka ile kampuni ikakurudishia zote na kukuongezea. Mama yako alizoea kuvuta kiti na kukaa mbele ya monita akimenya njegere, akitazama mistari asiyoielewa. Wakati mwingine alikuambia, "Hapo pana nyekundu," nawe ukamshukuru, japokuwa mashine ilikuwa imekwishakuambia kwamba pana kosa. Kisha kampuni nyingine ya Dar es Salaam ikasikia habari zako, ikakuita.

Tulikusindikiza stendi na kompyuta imefungwa ndani ya blanketi. Nilikuwa nimejiandaa kupanda basi nawe, hata begi nilikuwa nimebeba. Ukaniambia, "Baba, ukija sasa hutaweza kuondoka." Ukapanda ngazi za basi na fimbo yako nyeupe, na mimi nikabaki chini na begi langu.

Nyumba imekuwa kimya, mwanangu. Mama yako anapika kipimo kile kile, halafu chakula kinabaki. Nikisikia pikipiki imepiga breki kwa ghafla hapa njiani, moyo unaruka hadi huko uliko, kwenye magari ambayo siyajui. Siwezi kukudanganya kwamba nimezoea. Lakini mtu akiniuliza habari zako, najisikia nikijibu kwa kirefu kuliko alivyouliza.

Jumapili tulipoongea nilikuuliza unahitaji tukutumie nini. Nilitegemea utasema ndizi, au maharage, au hela. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Nahitaji mje mnitembelee. Ila mje kama wageni, baba. Msije kunikagua."

Nilimwambia mama yako. Alikaa na neno hilo siku nzima, na jioni akaniambia ameshachagua kitenge atakachovaa.

Basi tutakuja. Tutabisha hodi mlangoni kwako, na tutasimama pale nje tusubiri utukaribishe.

Ni mimi, baba yako,
pamoja na mama yako, anayesema ule vizuri.