Nani Kaiunguza Asumini

Jumamosi, 6 Julai

Ndoo ya AC imejaa tena. Jeddah hii hewa yenyewe ni maji. Nimemwagilia vyungu vyote vya sebuleni, mti wa mpira, ile ya majani kama panga, mwisho asumini. Maji ya bomba yana chumvi. Yanayodondoka kwenye AC ni matamu. Hili nimeligundua mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Mtaa huu wote wa Aziziya hakuna mlinzi anayejua mimea kama mimi. Bosi mwenyewe anasema. Mimi nilimwambia kwanza.

Madam yuko Riyadh, kule Malaz, anamuuguza mama yake. Asumini ni ya huyo mama. Bosi kaniambia wazi: ikifa, na wewe halas, tiketi ya Kenya. Nilicheka. Lakini kwa umri wangu, kibali cha kuishi hapa, ikama, kikikatwa, kafili gani mwingine atanidhamini? Hakuna.

Jumanne, 9 Julai

Mafundi wamekuja kuosha AC zote. Walipuliza dawa yao, povu mpaka ukutani. Ndoo imejaa maji meusi. Zainabu wa jikoni akasema, "Babu, hayo mwaga, yananuka." Nikamwambia wewe pika. Vumbi la mwaka mzima lile, ni mbolea tupu. Nimeyagawa kwa vyungu vyote. Asumini nimeizidishia. Yaliyobaki nimeyaweka chumbani kwangu.

Kyalo dereva alikuwa mlangoni anatafuna tufaha. Akaniita Mama Maua. Mbele ya Zainabu! Nilimrushia kopo. Likamkosa, likavunja kioo kidogo cha ukumbini. Nitasema ni upepo.

Alhamisi, 11 Julai

Asumini inapukutisha majani. Mpira una madoa meusi kama umechomwa sigara. Huyu ni mtu. Kwangu mimea haifi hivi. Nimenusa udongo. Dawa! Kali, kama ile ya kuoshea magari. Na nani anaosha magari hapa?

Kyalo ananitaka nifukuzwe. Nitamvunja.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemvunja.

Nilimfuata gereji na mpini wa mopu. Nikamuuliza kamwaga nini kwenye maua yangu. Akasema, "Mzee, leo jua limekupiga wapi?" Nikampiga bega. Akanipiga ndoo ya uso, nyusi ikapasuka. Ana nguvu, sikatai. Lakini mimi ujana wangu kule Voi nililaza wanaume watatu kwa zamu. Tukaburutana mpaka sebuleni. Akainua chungu cha yale majani ya panga akakipasua miguuni pangu. Akapasua na cha pili. Alipoinama kushika asumini, nilishusha mpini kwenye kiwiko cha mkono. Mkono ulilia kama ukuni mkavu. Yeye akalia kama mbuzi.

Zainabu akaingia katikati, akala kisukusuku cha mdomo. "Wajinga nyinyi! Mtafukuzwa wote!" Damu sakafuni, udongo, vigae, yeye anatema mate mekundu.

Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli.

Jumamosi, 13 Julai

Bosi katuita. Kyalo mkono umefungwa plasta. Nikasema nilichojua: huyu kaweka sumu kwenye asumini ya madam. Bosi hakuuliza mara mbili. Akasema kama Mwadime, yaani mimi, kasema sumu, ni sumu, Mwadime hakosei kwa mimea. Kyalo anaondoka Jumanne.

Kyalo akaniambia kwa Kiswahili, "Mzee, niangalie machoni."

Sikumwangalia.

Asumini imebaki fimbo tu. Nimeihamishia chumbani kwangu, karibu na mnanaa wangu wa chai. Nimefunga mlango, ufunguo ninao mimi. Nimeimwagilia ile mbolea ya ndooni niliyoiweka. Mnanaa nao nimeupa.

Jumatatu, 15 Julai

Mnanaa umelala. Majani yameungua pembeni, meusi.

Mlango ulifungwa. Kyalo hakuingia. Hakuna aliyeingia. Ni mimi na ndoo.

Nimetia kidole kwenye yale maji. Pale nilipochubuka Ijumaa pamewaka moto. Ni dawa ya mafundi. Zainabu alisema.

Nimeipiga ndoo teke mpaka ikapasuka. Nimepiga ukuta. Nimepiga tena. Vidole vimevimba, kalamu inauma.

Nikakaa. Nikaiwaza tiketi. Nikawaza nyumba yangu kule, paa halijakwisha. Nikasema nyamaza, Mwadime, kesho kashaondoka. Nikanyamaza mpaka alasiri. Halafu nikaenda kwa bosi.

"Bosi, ni mimi. Mimi ndiye niliyeiunguza."

Akacheka! Akanigonga begani. "Wewe? Wewe uue mti? Unamwonea huruma ndugu yako. Yalla, rudi kazini." Nikarudia. Nikaeleza maji, mafundi, ndoo. Akakasirika, akasema nikimtetea mharibifu tena nitapanda naye ndege.

Miaka yote namwambia mimi sikosei. Kaamini. Nilitamani kumkaba koo. Nikasema sawa bosi.

Jumanne, 16 Julai

Nilimbebea Kyalo begi hadi getini. Mkono wake hauwezi. Akasema, "Liache hapo, mzee. Usilimwagilie tu."

Nikamwambia yote. Maji, mnanaa, bosi kukataa kusikia. Alinisikiliza mpaka teksi ikafika. Halafu akasema, "Haya, hayo njoo uwaambie wanangu." Akanitemea mate shati. Nilikuwa na nguvu za kumrudishia. Niliacha mikono ikining'inia.

Teksi imekwenda.

Zainabu mdomo bado umevimba. Hanisemeshi.

Jumapili, 21 Julai

Madam amerudi jana. Mama yake amepata nafuu.

Kabla hajafika nilikuwa nimeitoa asumini yote, nimeosha mizizi, nimebadilisha udongo, nimekata matawi makavu. Leo chini kabisa ya shina kumetoka kichipukizi. Kidogo kama punje ya mchele.

Madam alichuchumaa, akakigusa kwa ncha ya kidole. Macho yakamjaa machozi. "Mashallah. Mikono yako, Mwadime." Bosi nyuma yake anatikisa kichwa, kama yeye ndiye kanizaa. Wakangoja niseme mimi sikosei. Siku zote huwa nasema.

Zainabu alikuwa anapanga vikombe. Akasimamisha kazi, akanitazama.

Nikatia mikono mfukoni. Nikatoka nje, nikakaa kwenye kiti changu cha getini. Joto kali. Barabara haina mtu.