Fomu Uliyoniachia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na wifi mkiwa wazima, na kwamba lile goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa shemeji yako anakohoa na dawa hataki. Wanasema mganga hajigangi. Mimi hata mume nimeshindwa kumganga, na mfamasia ni mimi.

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma mara mbili nyuma ya kaunta ya dawa huku foleni ikinisubiri. Umeniomba nizungumze na Futi kabla hajarudi nyumbani. Umesema mtoto ananisikiliza mimi kuliko wazazi wake, hivyo nimshawishi aandike ualimu kuwa chaguo lake la kwanza, na huo usanifu majengo auweke chini, au auache kabisa. Nimejaribu, kaka. Nimeshindwa, na kushindwa huko ndiko kumenikalisha mezani leo.

Kwanza nikupe habari za binti yako, maana mengine huenda hakuambii. Wiki hizi tatu alizokaa kwangu amepima nyumba yangu yote. Ile futi kamba uliyompa akiwa darasa la tano, ikamzalia na jina, bado haimtoki kiunoni. Siku ya pili tu aliniambia, kwa adabu zote, kwamba mlango wa jiko langu unafungukia upande usiofaa, ndiyo maana nikibeba sufuria nagonga kiwiko. Miaka kumi na moja nimeishi humu nikidhani kosa ni la kiwiko. Akamwita seremala wa jirani, wakaung'oa mlango wakaugeuza, na yule seremala akaniuliza huyu binti anasomea chuo gani. Nikamwambia hajaanza hata kujaza fomu.

Jumamosi nilimketisha sebuleni nikamweleza yote uliyoniagiza: ualimu ni kazi ya heshima, chuo kiko karibu, na baba yake ameshaipita njia hiyo anaijua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shangazi, baba ameshanieleza. Aliomba uhandisi wa maji, alama zilitosha, na bado wakamkataa. Anasema watu kama sisi tukiinua macho sana tunakatwa, kwa hiyo ni heri mtu aombe kitu ambacho hakitamuumiza akikikosa." Akaongeza, bila chozi, kwamba ameshaamua kukutii, kwa sababu hataki uumie mara ya pili kupitia kwake.

Nilisingizia nimeacha kitu jikoni, nikaenda kusimama mbele ya sinki mpaka nikasikia amewasha redio.

Mwaka ule unaukumbuka. Baba alikuwa ameshatutoka. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, maneno yanamtoka vipande vipande. Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha sita, mimi niko cha tatu. Kumnyanyua mama kitandani ilikuwa kazi yako, kwani mimi nguvu hizo sikuwa nazo. Kumwogesha na kumlisha ilikuwa yangu kabla ya kwenda shule. Na kila ulipopata upenyo ulikuwa kwenye pampu ya maji ya mtaa. Ilipogoma, majirani walikuita wewe kabla ya fundi wa manispaa. Ulikuwa unalaza sikio kwenye bomba, unatuamuru sote tunyamaze, halafu unasema kuna vali imechoka, na kweli wakifungua wanaikuta imechoka. Yule fundi mwenyewe alisema wewe unayasikia maji yakifikiri.

Kisha ukapata kibarua cha wiki nne kwa wachimba visima. Fomu za vyuo zilikuwa zimetoka, na siku ya mwisho ya kuzirudisha ingekukuta huko huko. Ukatia sahihi chini ya fomu yako ukaniachia niijaze, kwa sababu mwandiko wako, nisamehe, ulikuwa kama kuku aliyetoroka kwenye wino. Uliniandikia kwenye kipande cha daftari: la kwanza uhandisi wa maji, la pili ualimu. Ukasema, "Mdogo wangu, maisha yangu yote hayo hapo, usiyamwagie chai." Ukacheka, ukabeba begi lako.

Majibu yalipokuja ulikuwa umepangiwa ualimu. Mpaka leo nakuona ulivyosimama mlangoni, ukaikunja ile barua mara nne, ukasema, "Wamenikata, basi." Halafu ukaenda kuchota maji ya mama ya kuoga. Mimi nilikuwa nalia. Ukaweka ndoo chini ukaja kunibembeleza, ukaniambia nisilie kwa ajili yako, kukosa chuo si kufa. Mkuu wa shule alishangaa, kwa alama zako haikumwingia akilini, akakushauri uende ofisi ya elimu uombe kuiona fomu yako. Ukapiga pasi shati ili uende asubuhi yake. Nikakuambia mama ameamka vibaya, usiende mbali. Ukabaki, na hukuenda tena. Mwezi uliofuata mfuko wako wa spana ulimpa fundi bomba wa nyumba ya pili, na tangu hapo sijakuona ukigusa pampu.

Mama hakuwa ameamka vibaya, kaka. Alikuwa ameamka vizuri kuliko siku nyingi, na uji wake alikuwa ameumaliza.

Hakuna aliyekukata. Mimi ndiye niliyeandika ualimu kwenye mstari wa kwanza. Chuo cha maji kilikuwa safari ya siku mbili. Cha ualimu ungekwenda kwa miguu na jioni ukarudi. Fomu ile nilikaa nayo siku tatu chini ya godoro. Nilijiuliza, kaka akienda, nani atamnyanyua mama? Nikaona ni mimi, na nikishakuwa mimi, shule basi. Natamani nikuambie kwamba nilifanya kwa ajili ya mama. Miaka mingi nimejiambia hivyo, na ningemwambia hivyo yeyote ambaye angeniuliza. Lakini nilifanya kwa ajili yangu. Nilitaka kusoma. Nikasoma kweli, nikafika chuo cha famasia, na ada ilitoka kwenye mshahara wako wa ualimu. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe chako ulikilipia hata karo.

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Mama alipofariki ulikuwa na miaka ishirini na miwili, umri wa mtu kuanza upya bila kuchekwa na yeyote. Baada ya mazishi nilikufuata uani ulipokuwa unapanga viti vya kuazima, nimeshayapanga maneno kinywani. Kabla sijaanza ukaniambia unamshukuru Mungu kwa kukunyima kile chuo cha mbali, maana umepata kumzika mama kwa mikono yako. Nikakusaidia kupanga viti.

Baadaye nikajificha nyuma ya sifa zako. Wanafunzi wako wamejaa kila mahali. Daktari mmoja hapa kazini, aliposikia mimi ni mdogo wako, aliacha cheti cha mgonjwa kwenye kaunta akaanza kunisimulia jinsi ulivyomfundisha hesabu za sehemu kwa kukata machungwa, kisha darasa zima likala jibu. Nikirudi nyumbani najiambia: unaona, amekuwa mwalimu wa ajabu, kosa limejirekebisha lenyewe. Kumbe halikujirekebisha. Lilikaa ndani yako likawa fundisho, na sasa unampa mtoto.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu hayakuwa na subira hiyo, yamekuja na mpwa.

Simu nimeishika mara tatu wiki hii. Ukipokea na kusema "haloo, mdogo wangu," maneno yote yananikimbia, nakuuliza habari za goti. Ndiyo maana nimeandika. Barua hii anakuletea Futi mwenyewe, nimeifunga kwa gundi, hajui kilichomo. Ukitaka ajue yaliyomo, msomee. Ukitaka umwambie kwa maneno yako, hilo pia ni haki yako. Nakuomba tu usimwambie tena kwamba walikukataa. Wale watu wa chuo cha maji hawakuwahi hata kuliona jina lako; kama wangeliona, naamini wangekupokea, na imani yangu hiyo haikusaidii kitu.

Simpigii debe usanifu majengo. Akiamua ualimu kwa kuupenda, atakuwa amefuata baba anayestahili kufuatwa. Asiuchague tu kwa kuogopa pigo ambalo halikutoka huko unakodhani. Na fomu yake aijaze yeye, kwa mkono wake, siku yoyote kabla ya mwisho wa mwezi.

Sikuombi msamaha leo. Ninajua ukiombwa unatoa, hata kabla hujahesabu ulichopoteza, na safari hii nataka uhesabu kwanza. Ukikasirika, kasirika; una miaka ishirini na mitatu ya kukasirikia, na mimi sitakwenda popote.

Mpe wifi salamu zangu, mwambie ule mtindi wa kunenepesha nywele aliouliza ni uongo mtupu, asinunue. Wasalimie walimu wenzako, na majirani wa zamani walio hai. Shemeji yako anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Ukiona vyema kunijibu, nitafurahi. Usipojibu, nitamuuliza Futi alichoandika kwenye fomu, na nitajua kama umeisoma mpaka hapa.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibembeleza siku ile