Anayemfundisha Mume Wangu Kueleza Picha

Lomé, Jumapili jioni

Kwako dada yangu mpenzi Massan,

Habari za Kpalimé, na mguu wako je, umepona? Huku watoto hawajambo, wanakula ugali wao wa akume mpaka wanakomba sufuria. Mgonjwa ni mimi tu, na ugonjwa wenyewe ni wivu. Usinicheke.

Koku amealikwa Accra kuonyesha picha alizopiga, na kila moja lazima aieleze kwa Kiingereza mbele ya watu: nani yuko nyuma, mtoto yuko chini ya meza au kando yake. Hivyo vineno vidogo vinamtoa jasho. Sasa niambie, mwalimu wa Kiingereza, mimi mkewe, analala naye kitanda kimoja, yeye anakwenda kujifunza wapi? Kwa Enyonam! Kale kabinti kalikomaliza chuo juzi, kanakomuuzia wino wa kuchapishia. Anarudi jioni anapiga mluzi, nikimuuliza ananiambia kazi ilikuwa nyingi. Jirani Dovi ndiye aliyenipasha, eti mke mwenzio anamsomesha bwana.

Basi Alhamisi nikajifunga kitenge kiunoni, nikaenda kusimama kwenye dirisha la studio ya Koku. Walikuwa na picha yangu, ile ninayochambua maharage. Koku akasema mwanamke yuko “on” picha. Enyonam akamwambia taratibu, hapana kaka, yuko ndani yake, sema “in”. Akarudia, akakosea, akacheka, akarudia tena. Koku huyo huyo, dada!

Binti akamuuliza mbona hamwulizi mama mwalimu. Akajibu kwamba siku moja alisema hivyo hivyo mezani, mbele ya wageni, nami nikamuuliza kama huyo mtu ametua juu ya picha kama nzi, watu wakavunjika mbavu. Tangu hapo, alisema, Kiingereza kikimjia mbele yangu anakimeza.

Niliondoka bila kupiga hodi. Wallahi, afadhali ningewakuta wamekumbatiana, ningejua pa kuanzia kelele. Kale kabinti kanamwona mume wangu akikosea bila woga, na mimi mkewe sijawahi kumwona hivyo. Ninaona wivu mpaka usingizi haunijii. Ameingia sasa hivi. Nimemsalimu kwa Kiingereza, kwa upole wangu wote, naye amenijibu kwa Kiewe chetu cha nyumbani.

Nisalimie shemeji na wanao wote, na huo mguu uukande kwa maji ya moto.

Mdogo wako akupendaye,
Essivi