Kioo cha Katikati

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivyo, lakini mdomo umeshazoea.

Leo saa nne mhandisi wa halmashauri anakuja kuamua kama hili jumba kuukuu la sinema na hoteli tulilopewa tulikarabati niendelee nalo au livunjwe. Sasa hivi ni saa moja na nusu. Nimekaa kwenye ngazi za roshani, na mfukoni nina kipande cha kioo ambacho sikupaswa kuwa nacho.

Vile vioo vitatu ulivyovigandisha juu ya ufa wa ukuta huu kabla hujalazwa nimevikagua kila asubuhi. Watu wa hapa Ifakara walikucheka, eti usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukawajibu, "Ufa hauzibwi, unaulizwa kwanza." Kioo kikibaki kizima, ukuta umetulia. Kikipasuka, ukuta unatembea. Hata mhandisi aliupenda ujanja wako, akasema siku ya kuamua ataangalia vioo kwanza.

Baba, cha katikati kimepasuka.

Na sababu naijua. Unakumbuka ile jioni wodini, hata uji ulikuwa unakushinda, ukaniuliza plasta ya ukuta huu nimepiga na nini? Nikasema chokaa. Nilikudanganya. Chokaa inataka kulowekwa siku nyingi, nami nilitaka kuwahi kukuuguza, nikapiga saruji kuzunguka vioo vyako, siku mbili nimemaliza. Ukanishika mkono ukasema, "Basi nalala." Hukuamka, na neno hilo linanichoma mpaka leo. Masika yakaja, maji ya mto Lumemo yakaingia mtaani kama kawaida yake, matofali yakayanywa, saruji ikayazuia kukauka. Ukuta umevimba.

Mzee Luhende, mwenye jumba, aliuza karibu zizi zima kulinunua. Jana aliniambia taratibu, "Dada fundi, ng'ombe wangu wote wamo humu ndani." Nilienda kwa muuza vioo nikakatiwa kipande sawa na chako, nikakipaka vumbi kifanane. Dakika tano tu, nani angejua?

Nilipanda nacho, gundi mkononi. Nikafika kwenye ule mstari wa viti ulionionyesha, mlipokaa wewe na Mama mkiwa wachumba, mkagombania karanga mpaka picha ikaisha hamjui stelingi kafa au kapona. Ulisema siku hiyo watu walijaa hadi kwenye hizi ngazi. Na ukuta unaoibeba roshani ndio huu. Jamani, Baba, nikaifunika gundi, nikakaa hapa kwenye ngazi.

Kioo chako nimekiacha kilivyo. Hiki kipya nitampa mhandisi mkononi, ajue nilitaka kufanya nini. Nitamwambia saruji ni yangu, wala si yako. Nitamwomba muda nisimike nguzo chini ya roshani, nikwangue plasta yote, nianze upya. Chokaa nimeshailoweka, pipa zima. Akikataa, wanavunja, na Mzee Luhende atanichukia, na ana haki.

Naogopa, Baba.

Pikipiki imezimwa pale mlangoni. Mhandisi amewahi.

Nakuahidi, hakuna mtu atakayekaa juu ya ukuta wangu bila kujua nimeujenga na nini. Sasa lala, Baba. Safari hii sijakudanganya.

Mwanao,
Leokadia