Waridi la rangi ya papai

Kasongo, Alhamisi

Hata sikukasirika. Hiyo ndiyo inanisumbua.

Kesho ni arobaini ya bwana yangu Musa. Wifi yangu Zaina, dada yake, alikuja asubuhi kunisafishia kiwanja, maana watu wa dua hawawezi kukalia majani. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Nilipotoka, kiwanja kilikuwa cheupe mpaka ukutani, na lile waridi dogo la Musa liko juu ya takataka, mizizi juu.

Musa alilitoa Bukavu ndani ya kopo la maziwa. Halikupita magoti. Maua yake madogo kama vifungo vya koti, rangi ya papai lililoiva. Musa alikuwa anatawadha pembeni yake ili maji yaliangukie.

"Ile kitu iko miiba mitupu, wifi," Zaina alisema. "Mutoto wa mutu angechomwa."

Nikamwambia asante.

Baadaye nilikata kijiti kimoja nikakichomeka pale pale. Sijui kama kitashika. Sikulia siku ya maziko, na leo pia...

Magharibi nilibeba birika ya Musa, nikaenda kutawadhia pale. Maji yalikuwa baridi. Angalau hiyo baridi niliisikia.