Nilimwambia Ana Saba, Kumbe Hana

Mpendwa Akka Sharada,

Naomba unisaidie, dada yangu, kwa sababu tangu Jumatano chakula hakinipiti kooni na mwenzangu wa chumbani anadhani nina homa, ananiletea wali wa mtindi mpaka kitandani, na kila akiniletea natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nasoma uhandisi wa mitambo hapa Dharwad, nimemaliza mwaka wa tatu. Hosteli nzima wananiita Kalkuleta maana matokeo yakitoka wote wananijia na vikaratasi vyao, "Kalkuleta, hebu nipigie wastani wangu wa jumla," nami nachukua wastani wa kila muhula, najumlisha, nagawa kwa idadi ya mihula, basi, wanaondoka wamefurahi na mimi najiona mtu mbele ya watu. Mwenzangu Nagaratna alikuwa ameshajaza fomu ya kurudia masomo mawili ili aboreshe alama, na ni mimi, kwa mdomo wangu huu, niliyemwambia, "Shoga, ya nini kujitesa? Una saba nukta sifuri tano, kampuni inayokuja kuajiri inataka saba. Pumzika." Akacheka, akaichana ile fomu, akampigia simu baba yake huko Ilkal, mzee anayefuma sari kwa mkono, akamwambia, "Baba, nimevuka," na mzee akanunua kilo tatu za pedha, zile tamutamu za maziwa, akagawa mtaa mzima hadi kwa watu asiosalimiana nao.

Sasa Jumatano nilikwenda ofisi ya mitihani kwa shida zangu nyingine, karani akanichapia karatasi yangu, nikaona wastani wa jumla 6.96 wakati daftari langu linasema 7.1. Nikamwambia mashine yenu imekosea. Karani akavua miwani akaniuliza, "Binti, muhula wa kwanza ulikuwa na krediti kumi na sita, wa tano ishirini na sita. Wewe umeifanya yote sawa? Ukitia kikombe cha maziwa kwenye ndoo ya maji, utasema ni nusu kwa nusu?" Kumbe kila somo lina uzito wake, alama unaizidisha kwa krediti za somo, unajumlisha, ndipo ugawe kwa krediti zote, na haya yameandikwa ukurasa wa pili wa kitabu cha kanuni ambacho mimi nimekuwa nikifunikia kikombe cha chai. Mwaka wa kwanza masomo yalikuwa machache tukapata alama nzuri, baadaye yakaja mazito yakatuangusha, na mimi nikayapima kwa mizani moja. Nikakaa kwenye benchi palepale nikapiga hesabu ya Nagaratna. 6.92. Nikaipiga tena, ikawa ileile.

Nikachukua fomu ya kurudia masomo nikajaza yangu, nikairudisha dirishani kwa karani. Niliporudi chumbani akaniuliza, "Ulipotelea wapi wewe, nimekungoja tukale," nikasema nilifuata kitambulisho.

Dirisha la fomu linafungwa Jumatatu saa kumi jioni, kampuni inakuja Agosti, na baba yake ameshasema asipopata kazi kwa mkupuo huu atarudi Ilkal akae kwenye kitanda cha kufumia sari mpaka mchumba apatikane. Nikimwambia atanichukia maisha yake yote na hosteli nzima itanicheka. Nifanyeje, Akka? Nimwachie karatasi isiyo na jina chini ya mto? Au ninyamaze, pengine Agosti kampuni itashusha masharti? Alama zake zote nimeziandika nyuma ya barua hii, na yale masomo mawili nimeyapigia mstari, labda wewe utaona nilichokosea.

Mimi niliyepigwa na butwaa,
Kalkuleta

*

Wewe Kalkuleta,

Mwaka wa kumi na tisa huu najibu barua. Nimesoma za mama wakwe, za waume walevi, za watu waliozika pete za dada zao uani. Nilidhani nimeshazoea. Yako niliisoma nikaiweka mezani, nikaenda kunywa maji.

Kukosea hesabu si dhambi, mdogo wangu. Ulikosea kwa kujiamini bila kusoma kanuni, na hilo nakugombeza kidogo tu. Ila ulisimama pale dirishani ukijua mambo yote mawili, lako na la mwenzako, ukachukua fomu moja. Hapo ndipo uliponishtua. Na kuna mstari umeukata kwa kalamu, ukaukata tena. Nimeuinua kwenye mwanga nikausoma: "na kampuni inachukua wanne tu chuoni kwetu." Kwa hiyo usiniambie ni aibu peke yake iliyokufunga mdomo.

Sisemi una roho mbaya. Mwenye roho mbaya angekula ule wali wa mtindi akalala. Uliingiwa na hofu, na hofu haina adabu. Lakini karatasi isiyo na jina, sahau. Kampuni kushusha masharti, sahau pia.

Hesabu nimeipiga mwenyewe, na safari hii hukukosea. Mwenzako ana krediti 130. Ili afike saba anataka pointi 910, naye anazo kama 899. Anapungukiwa na kumi na moja. Somo la krediti nne likipanda daraja moja linampa pointi nne. Yale masomo mawili aliyoyajaza mwanzo yana krediti nne kila moja, na kote alipata tano. Akifikisha saba tu kila somo, amepata pointi kumi na sita na amevuka. Hahitaji kuwa bingwa. Anahitaji wiki kadhaa na mtu wa kusoma naye, na mtu huyo ni wewe.

Chukua fomu mpya, umpe mkononi. Anza na 6.92, usianze na "nisamehe." Mwambie pia kwamba yako umeshaijaza na siku uliyoijaza. Atakutukana, nawe nyamaza. Akimaliza, msindikize dirishani. Halafu bandika tangazo mlangoni pa bwalo, kwamba kila uliyempigia wastani apige upya, maana Nagaratna siye pekee aliyekuamini.

Barua yako niliikuta sandukuni Ijumaa. Nimeipigia namba uliyoiandika mara tatu, hukupokea. Gazeti hili linatoka Jumapili asubuhi. Majina nimebadilisha, na mji wa baba yake pia, lakini 7.05 na fomu iliyochanwa siwezi kuvibadilisha, na mwenzako anajua kusoma. Weka gazeti chini umtafute, kama hajaanza kulisoma.