Kitako cha Samaki, Mrija wa Mnyororo

Ami Khalfan,

Salamu nimekutolea asubuhi kaburini, kama inavyopasa. Humu kwenye karatasi sikutolei. Nna ghadhabu nawe, ami yangu, na ungekuwa hai ningekuja hapo kibarazani ulipozoea kukaa nikakwambia usoni, iwe adabu isiwe adabu. Lakini umeniwahi. Umekufa kabla sijajua.

Juzi mkeo, Bi Zuwena, alinituma nikalifungue sanduku lako, lile la chini ya meza ya karakana ambalo ufunguo wake uliuvaa shingoni. Anataka karakana isafishwe. Nimekuta tindo zako, chupa ya mafuta, patasi mbili zilizokwisha makali, na chini kabisa kitu kimeviringwa kwenye kilemba kikuukuu. Nikakifungua taratibu nikidhani ni msahafu. Kumbe ni kitako cha bunduki ya yule askari Mbarak, kimepasuka vile vile kilivyopasuka siku ile, na mrija wake umo ndani. Wewe uliniambia watu wa kambi ya jeshi wamekichukua na wamekitupa.

Tangu siku ile, miaka mitatu, wewe ulisema na miye nikasikiliza. Leo utanisikiliza wewe.

Nilipofika Maskati mwaka ule wa sitini na nne, na nguo niliyoivaa tu, wewe ndiye uliyenipokea. Hilo sikulisahau na sitolikana. Unguja nilikuwa nachonga milango, na hapa hapakuwa na mtu aliyetaka mlango wa nakshi. Ukaniambia, "Ubao ni ubao, mwanangu. Njoo unichongee vitako." Ukanifundisha zile bunduki mpya za kambi, zinazojipakia risasi zenyewe kila ukifyatua. Ukanionyesha kwamba kitako chake si gogo la kuegemeza bega tu, ndani yake unakaa mrija wenye springi, na springi hiyo ndiyo inayopokea kishindo chuma kinaporudi nyuma. Vitako vilikuwa virefu na vifupi, kwa kadiri ya mikono ya askari, na kila kimoja kina mrija wa kipimo chake. "Hawa ni mume na mke," ulisema. "Usimpe mtu mke wa mwenziwe." Ukacheka mpaka ukapaliwa, nikakuletea maji.

Ndiyo maana tukawa na alama zetu. Mafundi wengine huandika namba. Miye nilichonga nakshi za milango ya kwetu kwenye ubao, chini ya lile bamba la chuma linalofunika nyuma ya kitako, ambapo mtu haoni, na wewe ukaigonga nakshi ile ile kwenye chuma cha mrija wake kwa tindo. Samaki kwa samaki, mtende kwa mtende. Ulinitania ati bunduki zetu zinangoja kubishiwa hodi, lakini akija mgeni ulikuwa wa mwanzo kufungua bamba umwonyeshe.

Mbarak alikuwa mrefu, nikamchongea kitako kirefu, nikamtia samaki. Siku hiyo hiyo nilimaliza na kingine kifupi cha askari mwengine, nikakitia mnyororo. Nikakuachia mezani vyote viwili uvifunge, maana kufunga ilikuwa kazi yako, hukumwachia mtu. Mbarak akaja kuichukua yake mchana. Kesho yake asubuhi akaenda kupiga shabaha, kitako kikampasukia shavuni. Nikamkuta amelazwa, taya limekwenda upande.

Ukaja ukanishika kichwa mbele za watu. "Umechimba sana, mwanangu," ukasema. "Ubao umekuwa mwembamba." Kisha ukamwambia yule mkubwa wa kambi kwamba kijana wa ndugu yako bado mgeni wa kazi, na kosa tutalibeba pamoja. Nikakubusu mkono, Ami. Nikaubusu ule mkono!

Juzi nimeupima ubao. Nimeweka kidole gumba pale ulipopasuka kama ulivyonifundisha, kutoka ukucha mpaka kiungo. Haukupungua hata unywele. Nikafungua bamba, samaki wangu yupo. Nikauvuta mrija nje nikaupeleka dirishani kwenye mwanga. Mnyororo. Ulitia mrija mfupi ndani ya kitako kirefu, ukabaki uwazi, na kishindo chote badala ya kupokewa na springi kikaupiga ubao.

Nikakaa chini kwenye vumbi la karakana. Sikulia. Nilicheka, wallahi, nilicheka kama mwehu, mpaka Bi Zuwena akaja mbio kutoka ndani. Akaona nilichokishika akajua. Akavuta mtandio mdomoni, akaniambia yote.

Kumbe ulikuwa huoni. Tangu mwaka ule wa ajali, karibu huoni kabisa, na kazi unaifanya kwa kupapasa. Ndiyo maana barua za Unguja ukanipa miye nikusomee, ukasema sauti yangu inakukumbusha ya baba yangu, nikatembea siku nzima nimevimba kichwa. Hukutaka kambi wajue wasije wakakunyima kazi. Haya, hilo nnalielewa. Macho ni ya Mungu, na mtu ana haki ya kuogopa. Lakini Bi Zuwena amenambia na la pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mchana ule ule, Mbarak alipokwisha ondoka, ulikishika kile kitako kifupi, na mrija mrefu ukakataa kuingia. Ukajua hapo hapo. Ukaingia ndani ukamwambia mkeo, "Nimeichanganya. Kesho nitamwita Mbarak airudishe kimya kimya." Kesho! Nyumba ya Mbarak ni hapo tu, nyuma ya msikiti. Ungenituma miye ningekwenda na kurudi kahawa haijapoa. Lakini kunituma ilikuwa ni kunambia, na ukaona bora ungoje.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusema msemo huo kwa watu wengine.

Unajua ulichonifanyia? Miaka mitatu sikugusa bunduki. Nimetengeneza vigoda na masanduku, na hata kigoda nakipima mara tano kabla ya kukata, jasho linanitoka. Ulikuwa umekaa ubavuni pangu unaisikia kamba ya kipimo inavyokwenda na kurudi, na ukanyamaza. Nilikuwa na mikono, Ami. Nilikuja nayo kutoka Unguja, ndiyo kitu pekee nilichosalimika nacho. Umenichukulia.

Na Ijumaa zote zile! Baada ya sala ukinipa sahani ya halwa, "Mpelekee Mbarak, mwombe radhi tena, moyo wa mtu hulainika." Nikaenda, wiki baada ya wiki. Mbarak anachovya tende kwenye kahawa zilainike ndipo aweze kuzila, na miye nimeinamisha kichwa mbele yake namwomba msamaha wa kosa lako. Hakuwahi kunambia amenisamehe. Alinambia tu, "Kaa, unywe kahawa." Nikirudi unaniuliza, "Amesemaje?" Ulikuwa ukiuliza kwa ajili ya nani?

Siku tuliyokuzika, imamu aliuliza kama yuko uliyemkosea, akusamehe. Miye nikajitokeza mbele, machozi yananichirizika, nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Huyu hakunikosea hata siku moja. Miye ndiye niliyemvunjia jina." Na Mbarak alikuwapo, amesimama nyuma na taya lake.

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Tuna sultani mpya. Malango ya mji hayafungwi tena usiku, na mtu hahitaji kutembea na taa mkononi. Watu wetu wanakuja kwa wingi, ukipita sokoni Matrah unasikia Kiswahili kila upande. Na watu wa kambi walinijia mwezi uliopita, wakaniuliza kama nitaishika karakana yako. Nikawaambia mikono yangu si ya kuaminiwa. Wakaondoka, na wanasubiri mpaka Jumamosi kabla ya kumtafuta mwengine.

Bi Zuwena ananisihi. "Maiti hasemwi, mwanangu. Jina lake ndilo nililobakiwa nalo." Amelia mpaka nimemhurumia, na wewe unajua namna ninavyompenda, ni mama yangu wa hapa. Usiku kucha nimejiuliza nifanyeje. Nikinyamaza, jina lako linabaki zima na langu linaoza, na Mbarak atakufa akimchukia asiyestahiki.

Sitonyamaza, Ami. Kesho ni Ijumaa. Nitakwenda kwa Mbarak bila ya halwa, niweke kitako na mrija mbele yake, nimwonyeshe samaki na mnyororo, nimwambie nani aliyevifunga na nani aliyengoja kesho. Nitamwambia pia kwamba ulikuwa huoni, maana hilo nalo ni kweli, na ni haki yako lisemwe. Jumamosi nitakwenda kambini niwaambie nnaichukua karakana, na Bi Zuwena hatohama chumba chake maadamu miye ni hai.

Kisha, nikishamaliza kusema na Mbarak, nitainamisha kichwa nimwombe akusamehe wewe. Sitobabaika. Nimefanya mazoezi miaka mitatu.

Ama radhi yangu miye, ile niliyoitoa siku ya maziko nilimpa mtu mwengine, ami niliyekuwa nikimdhania. Wewe bado hujaipata. Nnakuahidi nitaitafuta moyoni mwangu, na nikiipata nitakuletea kaburini kwa miguu yangu. Sikuahidi lini.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Yeye ni mwepesi wa kusamehe kuliko miye.

Mwana wa ndugu yako,
Nassor